Fomu iulize mangapi? Historia ya swali linalozidi

Anayetaka kupelekewa barua ya habari kwa baruapepe anahitaji kutoa kitu kimoja tu, nacho ni anwani yake. Hata hivyo ni fomu chache zinazoishia hapo. Nyingi huuliza jina, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, nchi, kazi na namba ya simu, na baadhi hazioni haya kuuliza mtu hulipwa kiasi gani kwa mwaka. Nyuma ya kila fomu ya namna hiyo yuko mtu aliyeketi akaamua kwamba swali moja zaidi halitamdhuru yeyote.

Uamuzi huo ni mkongwe kuliko kompyuta. Wabunge, makarani na majaji wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia mbili, na hoja hazijabadilika sana. Anayeuliza husema taarifa hizo zitafaa siku moja. Anayeulizwa hutaka kujua zitafaa nini, na zitamfaa nani. Waswahili wanaoishi ughaibuni, ambao hutoka fomu ya viza wakaingia fomu ya ukaazi na kisha fomu ya shule ya watoto, wanaujua mjadala huo kwa vitendo hata kama hawajapata kuusoma mahali.

Mambo sita ya mwaka 1790

Katiba ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1789, iliamuru watu wahesabiwe kila baada ya miaka kumi ili viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa kufuata idadi yao. Kwa kazi hiyo hesabu ya vichwa ilitosha. James Madison, wakati huo mjumbe wa Virginia na baadaye rais wa nne wa nchi hiyo, aliona vinginevyo. Alitaka karani aandike pia watu wanajishughulisha na nini, kama ni kilimo, biashara au ufundi, kwa hoja kwamba anayetunga sheria hana budi kujua jamii anayoitungia imeundwa na watu wa aina gani.

Baraza la Wawakilishi lilimkubalia, lakini Seneti ikaliondoa pendekezo lake. Mwezi Februari mwaka 1790 Madison alimwandikia rafiki yake Thomas Jefferson akilalamika kwamba maseneta wameiona orodha yake kuwa ni kujisumbua bure, jambo ambalo lingewafaa tu watu wasio na shughuli wapate cha kuandikia kitabu. Ni vigumu kutocheka, maana lalamiko la maseneta wale ndilo hilo hilo linalosikika leo kila mtu anapokutana na fomu yenye kurasa nne.

Fomu iliyobaki ilikuwa na mambo sita tu: jina la mkuu wa kaya, idadi ya wanaume huru wa Kizungu wenye umri wa miaka 16 na zaidi, idadi ya wale walio chini ya umri huo, wanawake huru wa Kizungu, watu wengine walio huru, na watumwa. Waliohesabiwa walikuwa watu 3,929,214. Miongoni mwao walikuwamo watumwa karibu 700,000, na fomu haikuwa na nafasi ya jina hata la mmoja wao. Ufupi wa fomu ile, kwa hiyo, usichukuliwe kuwa ndiyo haki. Wamarekani wenye asili ya Afrika wanaotafuta habari za mababu zao hukwama kila mara kwenye sensa ya mwaka 1870, kwa kuwa hiyo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wale wote waliokuwa watumwa.

Madison alishinda baada ya kufa kwake. Katika karne ya 19 maswali yaliongezeka kila muongo, hata majedwali ya sensa ya mwaka 1880 yakachukua takriban miaka minane kukamilika kwa mkono. Ilikuwa karibu sensa moja imfikie mwenziwe njiani. Aliyeiokoa serikali alikuwa mhandisi Herman Hollerith, aliyetengeneza mashine ya kuhesabu kwa kutumia kadi zilizotobolewa matundu, na mashine hizo zilitumika katika sensa ya mwaka 1890, ambapo watu karibu milioni 63 walihesabiwa. Kampuni yake iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na tangu mwaka 1924 inajulikana kwa jina la IBM.

Jambo lililobadilika hapo ni gharama. Kabla ya Hollerith kila swali lililoongezwa lilikuwa na bei inayoonekana, yaani makarani, meza, taa na miezi ya kujumlisha. Baada yake swali likawa tundu jingine katika kadi. Tangu siku hizo fomu imekuwa ikikua kwa urahisi kuliko inavyopunguzwa, na mashine zilizofuata zimeuongeza urahisi huo.

Wamarekani wenyewe walitafuta njia ya kujizuia. Mwaka 1940 walianza kuwauliza baadhi ya maswali asilimia 5 tu ya watu, wakakadiria wengine kutokana na hao. Kuanzia mwaka 1960 kulikuwa na fomu fupi kwa walio wengi na fomu ndefu kwa sehemu ndogo ya kaya. Mwaka 2000 fomu ndefu ilipelekwa kwa takriban kaya moja katika kila sita, na mwaka 2010 iliondolewa kabisa katika sensa, ikabaki fomu ya maswali kumi.

Mwanamke aliyejificha kabatini

Uingereza ilichelewa kuhesabu watu wake, na haikuchelewa kwa uvivu. Mwaka 1753 muswada wa sensa ulipofikishwa bungeni, mbunge wa York, William Thornton, aliupinga kwa maneno makali, akiuona kuwa utamaliza masalio ya mwisho ya uhuru wa Waingereza. Baraza la Makabwela liliupitisha, ukafia katika Baraza la Malodi. Sensa ya kwanza ikangoja hadi tarehe 10 Machi 1801, na haikudai majina ya watu. Fomu ya kila kaya, yenye majina ya waliolala humo, ilianza mwaka 1841.

Mwaka 1911 serikali iliongeza swali ambalo halikuwahi kuulizwa. Wanawake walioolewa walitakiwa kueleza wamekaa katika ndoa kwa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamefariki. Wakuu walikuwa na wasiwasi kwamba idadi ya wanaozaliwa inapungua. Lakini wanawake hao hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Wengi waliona ni dharau kuulizwa hesabu ya makaburi ya watoto wao na serikali isiyotaka kusikia sauti yao katika jambo jingine lolote.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Aprili mwaka huo watetezi wa haki ya kupiga kura walizikwepa fomu. Wako waliokesha katika ukumbi wa kuteleza kwa magurudumu huko Aldwych, London, ili wasikutwe nyumbani. Wako waliobaki nyumbani wakaandika juu ya fomu kwamba hawatajibu mpaka wapewe kura. Emily Wilding Davison alijificha katika kabati la kanisa dogo lililo ndani ya jengo la bunge lenyewe, ili aweze kusema kwamba usiku wa sensa makazi yake yalikuwa bungeni. Alikutwa asubuhi, akaandikwa hapo. Mwenye nyumba alimopanga naye alikwisha kumwandika, kwa hiyo mwanamke aliyekusudia kuipinga hesabu akahesabiwa mara mbili. Miaka miwili baadaye alifariki dunia baada ya kukanyagwa na farasi wa mfalme katika mashindano ya Epsom.

Waingereza wa karne hii wamechagua mzaha badala ya kabati. Mwaka 2001 sensa ya England na Wales iliuliza dini, kwa sharti kwamba kujibu ni hiari. Watu wapatao 390,000 waliandika kwamba dini yao ni Jedi, ile ya mashujaa wa filamu za Star Wars. Takwimu za aina hiyo zinamweleza mtafiti machache kuhusu imani, lakini zinamweleza mengi kuhusu jinsi swali lilivyopokelewa.

Pamoja na hayo, kuna upande wa pili ambao haufai kupuuzwa. Sensa ya mwaka 1991 ilipouliza asili ya mtu kwa mara ya kwanza nchini Uingereza, sababu mojawapo ilikuwa kwamba pasipo takwimu hizo ubaguzi katika ajira na makazi usingeweza kupimwa. Asiyehesabiwa hana anachoweza kukionyesha mahakamani. Tatizo lilikuwa visanduku vyenyewe. Mzanzibari mwenye asili ya Hadhramaut, au Mngazija aliyelelewa Mombasa, alilazimika kuchagua kati ya Mwafrika mweusi na kisanduku cha wengineo. Kisanduku cha Waarabu kilingoja hadi mwaka 2011, na hata hicho hakimsaidii sana mtu ambaye nyumbani kwao huitwa Mswahili, basi, bila maelezo zaidi.

Kadi za Amsterdam

Hakuna nchi inayotajwa zaidi katika habari hizi kuliko Uholanzi, na kuna sababu. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililosifiwa kwa unadhifu wake. Kuanzia mwaka 1936 kila mkazi alikuwa na kadi yake katika ofisi ya manispaa, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, ndoa, watoto, kazi, anwani na dini. Kadi ilimfuata alikohamia. Sehemu ya dini haikuwekwa na mtu mbaya. Ilikuwa nchi ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na shule zao, magazeti yao na vyama vyao, na dini ilionekana kuwa taarifa ya kawaida kama anwani.

Mkaguzi mkuu wa madaftari hayo, Jacobus Lentz, alikuwa mtumishi aliyeipenda kazi yake kupita kiasi. Alibuni kitambulisho chenye picha na alama ya kidole ambacho kingekuwa kigumu sana kughushi, akakipeleka serikalini. Mwezi Machi mwaka 1940 serikali ilikikataa, kwa maelezo kwamba kumlazimisha kila raia kubeba kitambulisho ni kumchukulia kama mhalifu, na kwamba jambo hilo linapingana na desturi ya Waholanzi. Tarehe 10 Mei majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi. Kile ambacho serikali halali ilikikataa, wavamizi walikipokea kwa furaha, na kadi ya Lentz ikaanza kutolewa mwaka 1941. Ya Myahudi ilipigwa herufi J.

Mwezi Januari mwaka huo Wayahudi waliamriwa kujiandikisha. Watu wapatao 160,000 walijaza fomu, wakiwamo wale ambao mzazi au babu mmoja tu ndiye aliyekuwa Myahudi. Ni wachache waliokataa. Kukataa kulikuwa na faida gani, ikiwa kadi ya manispaa ilikwisha kusema kila kitu? Idara ya takwimu ya jiji la Amsterdam nayo ilichora ramani yenye nukta, ambapo kila nukta iliwakilisha Wayahudi kumi, na mtaa kwa mtaa mtu aliweza kuona pa kupeleka malori.

Jioni ya tarehe 27 Machi 1943 kundi la watu waliovaa sare za polisi liliingia katika jengo la daftari la wakazi karibu na bustani ya wanyama ya Artis. Waliongozwa na mchongaji sanamu Gerrit van der Veen na mchoraji na mwandishi Willem Arondeus. Waliwadunga walinzi sindano za usingizi, wakawabeba hadi kwenye uwanja wa bustani hiyo wasidhurike, kisha wakamwaga kadi sakafuni na kuzitia moto kwa baruti. Inasimuliwa kwamba wazima moto walijivuta kufika, na walipofika walimimina maji mengi kuliko yaliyohitajika, ili kile ambacho moto haukukila kiharibiwe na maji.

Kadi zilizoteketea zilikuwa takriban asilimia 15. Zilikuwa zimepangwa kwa kubanwa, na karatasi zilizobanwa haziungui kwa urahisi. Kundi lile lilisalitiwa, na tarehe 1 Julai watu 12 waliuawa kwa kupigwa risasi, Arondeus akiwa mmoja wao. Van der Veen aliponyoka siku hizo, akakamatwa na kuuawa mwaka 1944. Kati ya Wayahudi 140,000 hivi waliokuwa Uholanzi, zaidi ya 100,000 hawakutoka hai katika vita hivyo, yaani karibu watatu katika kila wanne.

Nchini Ufaransa waliouawa walikuwa karibu mmoja katika kila wanne. Sensa ya Ufaransa iliacha kuuliza dini baada ya mwaka 1872, na wako wanaoona kwamba tofauti yote inatokana na hilo. Huko ni kurahisisha mambo. Ufaransa ilikuwa kubwa, sehemu yake haikukaliwa na Wajerumani hadi mwishoni mwa mwaka 1942, na familia nyingi zilipata mahali pa kujificha vijijini. Tena polisi wa Paris walitengeneza faili lao wenyewe la Wayahudi katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1940. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba huko faili ilibidi litengenezwe kuanzia mwanzo, wakati Uholanzi ilikuwa nalo tayari, safi, kwa herufi za alfabeti.

Marekani nayo haikusalimika. Sheria iliahidi kwamba majibu ya sensa ni siri. Mwaka 1942 Bunge liliilegeza ahadi hiyo kwa sababu ya vita, na takwimu za sensa ya mwaka 1940 zikatumika kuonyesha mitaa walimoishi watu wenye asili ya Japani katika majimbo ya magharibi. Karibu watu 120,000 walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kambini, wengi wao raia. Mwaka 2007 watafiti walitoa ushahidi kwamba majina na anwani za baadhi ya watu pia zilikabidhiwa kwa maafisa wa usalama.

Kipande shingoni

Nchini Kenya swali la fomu lilifika likiwa limevaa chuma. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipomalizika, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, wilaya yake na alama za vidole, na mwajiri alijaza siku alipoanza kazi, mshahara wake, na siku aliyomruhusu kuondoka. Karatasi hiyo iliwekwa katika kijaluba cha chuma kilichovaliwa shingoni.

Hapo ndipo panapoonekana wazi kwamba fomu ina mwenyewe. Mshahara wa zamani uliandikwa ili mwajiri mpya asilipe zaidi bila sababu, na siku ya kuruhusiwa iliandikwa ili aliyetoroka ajulikane. Hakuna sehemu iliyowekwa kwa faida ya aliyekivaa. Harry Thuku na wenzake walikifanya kipande kuwa moja ya malalamiko yao makuu mwaka 1921 na 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa utaratibu mmoja, walowezi wa Kizungu walipinga vikali kutoa alama za vidole, wakisema ni mambo ya wahalifu. Waafrika walikuwa wamezitoa kwa miaka karibu 30. Mpaka leo Mkenya akiulizwa kitambulisho husema kipande, na vijana wengi hawajui neno hilo lilikotoka.

Mstari mmoja katika kadi ya Rwanda

Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji nchini Rwanda uliwaandikisha watu na kuwapa kadi zilizotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo majina hayo yalikuwa na uzito wake, lakini mtu au ukoo uliweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kadiri hali ya mali na cheo ilivyobadilika. Kadi ilikomesha hayo. Alichoandikwa baba ndicho alichorithi mwana.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 kadi zilibaki. Serikali mpya zilikuwa na matumizi nazo, kwa kuwa nafasi za shule na kazi ziligawanywa kwa kuangalia mstari huo. Kila mtu alijua kuwa ni wa hatari. Katika mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na chama cha RPF walikubaliana kwamba serikali ya mpito, mara itakapoingia madarakani, itafuta utajo wa kabila katika hati zote rasmi zitakazotolewa.

Serikali hiyo ya mpito haikuundwa. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi Aprili 1994, vizuizi viliwekwa barabarani kila mahali, na jambo la kwanza lililodaiwa kwenye kizuizi ni kadi. Watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku 100. Si wote waliouawa kwa sababu ya kadi. Vijijini majirani walijuana, na hawakuhitaji karatasi. Lakini mjini Kigali na kwenye barabara kuu, ambako muuaji na msafiri hawakupata kuonana kabla, mstari ule mmoja ndio uliotoa hukumu, na aliyedai kwamba kadi yake imepotea alichukuliwa kuwa anaficha. Utawala ulioingia mwezi Julai mwaka huo uliondoa kabila katika vitambulisho.

Wanaotaka kuulizwa

Tanzania ilifikia uamuzi kama huo mapema, pasipo damu. Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, iliuliza kabila na dini. Ile ya mwaka 1978 haikuuliza, wala zilizofuata. Taifa lililokuwa linajengwa na Mwalimu Julius Nyerere halikutaka raia wajihesabu kwa mafungu.

Ukimya huo nao ulizua ugomvi. Kabla ya sensa ya tarehe 26 Agosti 2012 baadhi ya jumuiya za Waislamu ziliwataka waumini wasihesabiwe mpaka swali la dini lirudishwe. Walidai kwamba takwimu za dini zinazotajwa hadharani hazitokani na sensa yoyote, na kwamba asiyejua idadi yake hawezi kudai fungu lake. Serikali ilikataa, na watu walikamatwa katika baadhi ya mikoa. Hesabu ilipatikana, watu milioni 44.9, na dodoso refu lilijazwa katika takriban asilimia 30 tu ya kaya. Ni haki kusema kwamba hoja ya waliogoma haikujibiwa. Ilikataliwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Karlsruhe hadi Nairobi

Kanuni inayotumiwa sasa kuamua ugomvi wa namna hii ilitokea Ujerumani. Sensa ya Ujerumani Magharibi ilipangwa kufanyika tarehe 27 Aprili 1983, na sheria yake iliruhusu majibu ya watu yatumike pia kusahihisha madaftari ya manispaa. Wananchi walikimbilia mahakamani, na wiki mbili kabla ya siku hiyo sensa ikasimamishwa. Tarehe 15 Desemba Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe ilitoa hukumu kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitolewe na zitumiwe vipi, na kwamba katika zama za kompyuta hakuna tena taarifa ndogo isiyo na uzito, kwa sababu ikiunganishwa na nyingine hubadilika maana. Sensa ilifanyika hatimaye tarehe 25 Mei 1987.

Kutokana na fikra hiyo sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inamtaka anayekusanya taarifa asiombe zaidi ya zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja. Kanuni hiyo inambana mtoza kodi na mtumaji wa barua za habari vile vile. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022.

Nchini Kenya sheria ilifika fomu zikiwa zimekwisha kujazwa. Uandikishaji wa Huduma Namba ulifanyika katika miezi ya Aprili na Mei mwaka 2019. Sheria iliyourekebisha utaratibu wa vitambulisho ilikuwa imeruhusu serikali kuchukua hata vinasaba vya DNA na mahali hasa mtu anapoishi kwa vipimo vya satelaiti, na fomu yenyewe iliuliza wazazi, elimu, ajira na shughuli za kilimo. Mahakama Kuu ilizuia DNA na vipimo hivyo kabla kazi haijaanza kushika kasi. Sheria ya kulinda taarifa ilitiwa saini mwezi Novemba. Mwezi Januari 2020 majaji watatu waliamua kwamba vifungu vya DNA na satelaiti vinakiuka katiba, na kwamba mpango unaweza kuendelea ikiwa tu utawekewa kanuni za kutosha. Miongoni mwa waliofungua kesi walikuwamo watetezi wa Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi watu wake wamehangaika kupata vitambulisho, na ambao waliogopa kwamba asiye na kipande cha zamani hatapata namba mpya.

Mwezi Oktoba mwaka 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara kwa taarifa za watu kama sheria inavyotaka. Wakati hukumu hiyo inasomwa, zaidi ya watu milioni 36 walikuwa wamekwisha kujaza fomu, na majibu yao yalikuwa tayari yamehifadhiwa.